Mkono wa Mbali

Sikumwona.
Hilo ndilo neno nililolisema kwanza,
na mpaka leo lina ladha ya chuma kinywani.

Groningen, Jumanne ya Novemba, saa mbili kasorobo asubuhi,
mvua ile nyembamba isiyodondoka, inaning'inia tu.
Niliegesha mbele ya duka la mikate.
Mkono wa kushoto ukavuta kitasa,
mkono wa karibu, mkono wa haraka,
nikausukuma mlango barabarani.

Kishindo hakikuwa kikubwa.
Kengele ya baiskeli ililia mara moja, yenyewe, ikanyamaza.
Gurudumu la mbele liliendelea kuzunguka
kana kwamba bado lina safari.

Mwokaji alitoka mbio, unga mpaka viwikoni,
akapiga magoti majini.
"Unaitwa nani?"
"Wietske."
"Leo siku gani?"
"Alhamisi."
Mwokaji akanitazama mimi.

Nilitaka kumwinua. Ndivyo mikono itakavyo:
kuinua, kupangusa, kufuta yaliyotokea.
"Mwache alale! Shingo isigeuke.
Kishike kichwa hivi, viganja viwili, na utulie."
Nikatulia. Nikakishika kichwa cha mtu nisiyemjua,
nywele zimelowa, sikio lake baridi kidoleni pangu.
Kofia ngumu hakuwa nayo. Huku ni wachache wanaoivaa;
tumezaliwa juu ya tandiko, twajisifu,
kichwa kinaijua njia.
Kichwa hakijui njia. Kichwa kinajua lami.

Taulo safi la jikoni, limekunjwa mara nne,
mwokaji aliligandamiza juu ya nyusi iliyopasuka
na hakuliinua kuchungulia.
Damu ilipopenya, akaweka la pili juu ya la kwanza.
Bega la kushoto lilikuwa limeporomoka,
mtulinga umevunjika, umeisimamisha ngozi kama kijiti cha hema.
Mkono ule akauacha palepale ulipojichagulia pa kulala,
akamfunika koti langu,
akaendelea kumwongelesha, habari za mikate, habari za paka,
mpaka king'ora.

Wiki ya tatu nilikwenda kwake na maua.
Akayapokea kwa mkono mmoja; wa pili ulikuwa kwenye kombeo la bluu.
Hakuniambia nimesamehewa. Aliniambia
kilichomliza si mfupa, ni goti:
muuguzi na brashi yake laini, maji yakitiririka,
changarawe moja moja, kisha sindano ya pepopunda.
Aliniambia mumewe, Sjoerd, alikesha siku mbili
na karatasi ya hospitali mapajani:
akitapika, akisinzia ovyo, akichanganya maneno,
kichwa kikizidi kuuma, mrudishe usingoje kuche.
Kazi yake ni kusawazisha piano.
Noti za juu sasa zinamchoma kama mwanga.

Halafu akauliza, "Ulifungua kwa mkono upi?"
Nikauonyesha. Ulitetemeka, wa aibu.
"Fungua kwa ule mwingine."
Akainuka, akanifundisha kwenye kiti cha jikoni kama mtoto:
mkono wa kulia ukivuka kifua, bega hufuata,
bega likigeuka, shingo hufuata,
na jicho halina budi kutazama nyuma.
Mimi nilifundishwa hayo nikiwa na miaka kumi na minane.
Nilifaulu mtihani. Nikasahau.

Kinga yashinda tiba, husemwa;
haisemwi ni kwa mkono upi.

Nasikia amerudi barabarani, na kofia ya njano,
taa mbili nyuma, na anajitenga na magari yaliyoegeshwa
kwa upana wa mlango mzima, wenye haraka wakimpigia kengele.
Mimi nafungua kila kitu kwa mkono wa mbali,
hata kabati, hata friji. Binti yangu Femke hucheka.

Leo asubuhi, palepale dukani,
nimejigeuza, nimetazama, nimengoja.
Kijana amepita, hana taa, anapiga mbinja,
kaptula yake ikikwaruza hewa kando ya kioo changu.
Hakujua kitu. Amekata kona.
Nikashuka kununua mkate.